Kigoma asilimia 1.7: na wanaolala stesheni nao wamo humo?

#1 Mwisho_wa_Reli
Wakuu, mwakeye.
Jana nimebishana na jamaa yangu hapa kijiweni karibu na stesheni ya Kigoma mpaka kahawa ikapoa. Yeye anasema mkoa wetu ndio wa chini kabisa kwa maambukizi ya VVU, asilimia 1.7 ya watu wazima kwenye ule utafiti wa 2022-2023, wakati Njombe wako 12.7. Kwa hiyo kuwahangaikia madogo wanaolala stesheni ni kujitafutia kazi isiyokuwepo.
Mimi nikamwambia hiyo namba si ya wale madogo. Nauza chipsi hapa mwaka wa sita sasa. Naona nani analala wapi, nani kapakiwa kwenye bodaboda usiku, nani karudi alfajiri hataki kuongea na mtu. Wapo mabinti wa miaka 15, 16, wametoroka makwao Kasulu, Uvinza, wengine wameshuka na treni kutoka Urambo huko.
Swali: hawa wanapimwa wapi? Na mbona zahanati iko mwendo wa dakika kumi na sijawahi kumwona hata mmoja akielekea huko?

#2 Kijana_wa_Gungu
Hawaendi kwa sababu sheria inakataa. Chini ya miaka 18 lazima mzazi asaini. Na mzazi ndiye aliyemkimbia. Mods fungeni uzi.

#3 Nesi_Mstaafu
Usifungwe kwanza. Sheria ya UKIMWI ya 2008 ndiyo iliyosema 18. Bunge likairekebisha Novemba 2019, sasa mwenye miaka 15 anapima kwa hiari yake bila saini ya mtu. Marekebisho hayohayo ndiyo yaliyoruhusu watu kujipima wenyewe, kile kipimo cha mate. Aliye chini ya 15 ndiye anayehitaji mzazi au mlezi. Nimekaa chumba cha ushauri nasaha Tabora miaka mingi, hili nililifundisha mpaka nikachoka.

#4 Kijana_wa_Gungu
Asante mama, nilikuwa sijui. Ila mlinzi wa getini anajua?

#5 dagaa_mchele
Hapo umeua 😂

#6 Binti_Ujiji
Cheka tu, mimi yamenikuta. Kuna binti alikuwa ananioshea vyombo mgahawani, analala popote. Akaniambia ana maumivu chini ya kitovu wiki ya pili. Nikampeleka kituo kimoja, sikitaji. Dirishani anaulizwa jina, mtaa, namba ya simu. Mtaa akajibu "stesheni". Yule dada akaacha kuandika, akamwangalia juu mpaka chini, akauliza kwa sauti: "Ahaa, wewe ni wa wale wa usiku?" Foleni nzima ikageuka.
Tuliondoka. Kesho yake hakuja kazini, na sijamwona tena. Kwa hiyo #2, sheria iseme 15, iseme 12, aliyekaa dirishani ndiye sheria.

#7 Dodoso
Nirudi kwenye swali la mleta uzi. Nimewahi kuwa mdadisi kwenye tafiti za kaya, si huo wa VVU ila utaratibu unafanana. Unapewa orodha ya kaya zilizochaguliwa. Unabisha hodi, unamtafuta mkuu wa kaya, kisha unamwambia akutajie watu wanaoishi humo na waliolala humo usiku wa jana. Ukishapata orodha ndipo unaendelea na maswali mengine, na damu.
Sasa niambieni. Anayelala kwenye kibaraza cha duka la Mpemba, mkuu wa kaya yake nani? Duka halina kaya. Akilala kwenye mtumbwi Kibirizi, mtumbwi hauna namba ya nyumba. Hakuna aliyemwonea, karatasi haina mahali pa kumwandika.
Sensa ya Agosti 2022 ilikuwa tofauti, wale wa mitaani na stesheni walifuatwa walipo usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Lakini sensa haipimi damu.

#8 Kahawa_Chungu
Mimi ndiye jamaa mwenyewe wa #1, na kahawa ilipoa kwa sababu yeye haachi kuongea.
Dodoso, nimekuelewa. Sasa waongeze hao madogo wote, wawe mia mbili, wawe mia tatu. Mkoa una watu zaidi ya milioni mbili. Hiyo 1.7 itapanda? Haitikisiki. Pesa zenyewe hazitoshi, zipelekwe kwenye moto. Njombe kunaungua.

#9 Dodoso
Sijasema itapanda mkuu, nimesema haiwahusu. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Ukisimama Kibirizi maji yakakufika magotini, utaenda kuandika kwamba Tanganyika ina kina cha magoti?

#10 dagaa_mchele
Kahawa_Chungu amezamia magotini. RIP.

#11 Mzee_wa_Isevya
Salaam kutoka Tabora. Nyie vijana mnazunguka mbuyu. Tatizo ni malezi. Sisi wakati wetu, mtoto akitoroka kijijini, akishuka stesheni tu kuna mjomba, kuna shangazi, kuna mtu wa kwao. Analala pale, wiki inayofuata anarudishwa na kiboko juu. Leo mtoto wa jirani si wako. Halafu mnawawekea makasha ya kondomu kila choo, mnashangaa wakizitumia. Hizo ndizo zinazowapa ujasiri.

#12 Kijana_wa_Gungu
Mzee shikamoo, ila malalamiko ya mleta uzi ni kwamba HAWAZITUMII.

#13 Asali_Mbichi
Shikamoo mzee #11. Mimi nilitoroka nikiwa kidato cha pili, kijiji cha tumbaku, sitasema kipi. Leo nina duka langu na watoto wawili, ndiyo maana naweza kuandika hapa.
Nililala stesheni ya Tabora miezi saba. Wanaoijua wanajua, hapo reli inagawanyika: huku Mwanza, huku Kigoma, na wa Mpanda nao wanaunganishia hapo. Watu wanashuka usiku wakisubiri kuunganisha. Kwa mtoro ni pazuri, hakuna anayekuuliza unaenda wapi, kila mtu anaenda mahali.
Ujomba wa mzee niliukuta. Alikuja mtu akaniita mwanangu, akanipa ubwabwa na maharage siku tatu mfululizo, hakudai kitu. Siku ya nne mvua ikanyesha, akasema ana chumba. Naomba niishie hapo.
Ninachotaka kusema ni hiki. Kondomu nilikuwa nazo. Kuna mama wa semina alitugawia, nilikuwa nazo kumi na mbili kwenye soksi. Mwenye chumba ndiye anayeamua, si mwenye soksi. Ukimtolea anakuuliza kwani una ugonjwa, au unaniona mimi nina ugonjwa? Jibu lolote kati ya hayo mawili linakurudisha mvuani.
Na ngoma haikuwa hofu yangu. Hofu yangu ilikuwa mimba. Wenzangu walikuwa wanachangishana hela ya P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, siyo ya kupima. Mimba inaonekana, kila mtu ataiona, hicho kingine ni habari ya miaka. Tumbo likikuuma au ukitokwa na uchafu unanunua rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, duka la dawa, mnagawana wawili wawili, mnameza siku mbili, yakitulia mnaweka zilizobaki.

#14 Mzee_wa_Isevya
Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili. Pole sana.
Lakini bado nasema nyumbani ndiko kulikoharibika.

#15 Asali_Mbichi
Hilo nakubali mzee, nyumbani ndiko nilikokukimbia. Ila usiku wa nne huwezi kunirekebishia nyumbani. Usiku wa nne nahitaji mahali pa kulala pasipo na mwenye chumba.

#16 Nesi_Mstaafu
Asali mwanangu, Mungu akuzidishie.
Kwa wengine, naomba niseme kinesi kidogo, mtanisamehe urefu.
Hiyo rangi mbili ya kugawana ni balaa. Kisonono kimeshazoea dawa nyingi za zamani, ukimeza nusu dozi unakitingisha tu. Na kwa wanawake kisonono na klamidia mara nyingi havina dalili kabisa, binti anajiona mzima huku mirija inaharibika. Kaswende nayo inadanganya: kidonda hakiumi, kinapona chenyewe, mtu anashukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Ikiwahiwa inatibiwa kwa sindano ya penisilini. Ila ukimtibu mmoja ukamwacha mwenzake umefua nguo ukaianika matopeni. Na mwenye vidonda huko chini ni rahisi zaidi kupata VVU, ndiyo maana haya mambo hayatenganishwi.
Sasa la Asali. Binti wa chini ya miaka 18 hata akisema alikubali, kisheria ule ni ubakaji tangu 1998. Aliyefanyiwa hivyo apelekwe hospitali ndani ya saa 72. Kuna dawa zinaitwa PEP, anameza siku 28, zinazuia VVU visikite. Ikishapita saa ya 72 haupewi. Watu wanapoteza hizo saa wakitafuta fomu ya PF3 kituo cha polisi, mara afande katoka, mara karatasi zimeisha. Matibabu ndiyo yanatangulia. Fomu itafuata, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. P2 inazuia mimba, haina habari na VVU.
Simu ya watoto ni 116, bure.

#17 Kijana_wa_Gungu
Mama na tohara je? Huku tuliambiwa ukitahiriwa umemaliza.

#18 Nesi_Mstaafu
Aliyekwambia umemaliza alitaka ulale vizuri. Inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Hizo 40 zilizobaki ni zako. Na binti aliye na wewe haimkingi kwa hesabu hiyo.

#19 Fundi_Karabai
Mnaongelea mabinti tu na stesheni tu. Njooni Kibirizi.
Mimi nasema jambo lenyewe ni mwezi. Dagaa wanavuliwa giza. Kukiwa na giza mialo ina hela, wavuvi wana hela, hata dogo wa kubeba ndoo anapata chake. Mbalamwezi ikitoka boti zinalala, hela zinakauka, na hapo ndipo anayekula kwa kubeba ndoo anaanza kutafuta chakula kwa njia nyingine. Hakuna semina itakayoushinda mwezi. Tuliona ziwa lilipofungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, madogo wa mwaloni walihamia mjini wote, nafikiri nusu walifika kwa huyu muuza chipsi.
Na wavulana msiwasahau. Wakubwa wanawaonea wadogo usiku kwenye nyavu, mahali pa kulala panalipiwa. Dogo wa miaka kumi na miwili atakwenda kumwambia nani? Akisema anachekwa, akienda kituoni anaulizwa maswali kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Anakaa nalo.

#20 dagaa_mchele
Fundi, heshima kwako, ila karabai nani anawasha siku hizi? Watu wana taa za sola na betri. Badilisha jina.

#21 Fundi_Karabai
Jina nililirithi na mtumbwi. Wewe mwenyewe dagaa mchele wakati ziwa letu lina dagaa wake, umetokea wapi?

#22 dagaa_mchele
😂 Nimeoa Unguja.

#23 Kahawa_Chungu
Fundi, hoja ya mwezi inachekesha lakini haisimami. Tabora hakuna ziwa na Asali yamemkuta kule kule.

#24 Fundi_Karabai
Tabora wana msimu wa tumbaku. Kila mahali kuna mwezi wake mkuu.

#25 Kijana_wa_Gungu
Swali la aibu kidogo. Madogo wanasema kinga za bure zinapasuka, ni feki. Na huku kwetu kuna wanaopaka mawese eti ziteleze. Sicheki, ni kweli.

#26 Nesi_Mstaafu
Mawese, Vaseline, mafuta ya nazi, losheni, vyote vinaulegeza ule mpira ndani ya dakika chache. Ndipo inapasuka, halafu lawama inaenda kwa serikali. Vilainishi vya maji ndivyo vinavyofaa. Na usiiweke mfuko wa nyuma wa suruali mwezi mzima unaikalia, wala juani. Wala usivae mbili kwa pamoja. Asiye na kabati anaweka wapi? Hapo ndipo na mimi nakwama.

#27 Binti_Ujiji
Mawese ni ya migebuka jamani 😭

#28 Rika_Kasulu
Nimekuwa mwelimishaji rika miaka mitatu, tulikuwa tunazunguka usiku, mradi mmoja hivi. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 tukaambiwa tusubiri nyumbani. Mpaka leo tunasubiri.
Naombeni niwapinge karibu wote. Sheria, dirisha, mwezi, malezi, vyote vipo. Lakini tulipokuwa tunawafuata saa tano usiku na uji, WALIPIMA. Hatukuanza na VVU. Tulianza na uji, halafu vidonda vya miguu, halafu tunacheza drafti. Usiku wa tatu au wa nne dogo mwenyewe anauliza, "kile kipimo chenu kinauma?" Mchana anakukimbia kwa sababu mchana yuko kazini, anabeba mizigo, akikaa foleni kwa saa nne amelala njaa. Zahanati inafungwa muda ambao yeye ndiyo anaanza kuishi.
Tulichoshindwa ni dawa. Kupima ni siku moja, dawa ni kila siku. Anayelala nje begi lake ni mto wake, na mto unaibiwa. Halafu kile kikopo KINALIA. Watu wa CTC, kliniki ya dawa za VVU, wanajua, unatembea navyo vinapiga kama kayamba, kila mtu ameshajua. Tuliwafundisha kujaza pamba ndani. Wengine walikuwa wanampa mtu mwenye meza awatunzie, muuza karanga, fundi viatu, anaambiwa ni dawa za minyoo.

#29 Kahawa_Chungu
Rika, uji wa usiku unagharimu sh ngapi kwa kichwa? Siulizi kwa ubaya.

#30 Rika_Kasulu
Uji haukuwa tatizo, akina mama wa kanisani na wa msikitini walikuwa wanatuchangia unga. Ghali ilikuwa pikipiki, vipimo na posho ya nesi wa usiku.

#31 Dodoso
Na ripoti mlikuwa mnaandika "kaya" gani?

#32 Rika_Kasulu
Tuliandika "eneo hatarishi namba 4". Ndiyo stesheni hiyo 😅

#33 Kijana_wa_Gungu
Kwa nini wasipewe tu vile vidonge vya kumeza kabla, PrEP? Unameza kila siku hata mwenye chumba akikataa kinga wewe umejikinga, na hajui.

#34 Asali_Mbichi
Hicho ningekimeza. Kweli kabisa, kingekuwepo wakati wangu ningekimeza. Soksi moja kinga, soksi nyingine vidonge.

#35 Nesi_Mstaafu
Ni wazo zuri na kipo nchini, ila mpime kwanza, na hakizuii kaswende wala kisonono wala mimba. Tena unarudi palepale pa Rika: kila siku, na kikopo kinalia.
Nimesahau moja. Chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa sehemu kubwa inawakuta shuleni. Aliyetoroka darasa la sita anaikosa, hakuna anayemtafuta stesheni na sindano. Na vituo vya afya wanachanja, wala hakuna malipo.

#36 Mzee_wa_Isevya
Nimekaa kimya nasoma. Nyumba yangu ina vyumba viwili vya uani vitupu tangu watoto waende Dar. Nikimchukua binti wa stesheni kesho mtaa wote utasema mzee kaoa. Huyo ndiye mjomba wenu wa siku hizi, hata akitaka anaogopa.

#37 Asali_Mbichi
Na binti mwenyewe atakuogopa zaidi ya mtaa, mzee. Usichukie. Pitia ustawi wa jamii, na mama watoto awe ndiye anayefungua mlango.

#38 Mzee_wa_Isevya
Mama watoto alishatangulia mbele za haki.

#39 Asali_Mbichi
Pole mzee wangu. Samahani.

#40 Binti_Ujiji
Shangazi zangu wapo Isevya, mzee. Nitakuandikia pembeni.

#41 Kahawa_Chungu
Mimi bado na 1.7 yangu. Ila nauliza, hiyo pikipiki ya Rika ilikuwa inakula lita ngapi? Ninayo moja inaozea uani.

#42 dagaa_mchele
Kahawa imepata moto tena.

#43 Mwisho_wa_Reli
Wakuu, nilikuwa nakaanga, ndiyo nasoma yote sasa hivi.
Rika, hilo la kikopo limenigusa vibaya. Kuna dogo huwa anaacha kibegi chini ya meza yangu ya chipsi kila asubuhi, anakifuata jioni. Tangu mwezi wa nne. Nikikisogeza kwa mguu kinalia. Mimi siku zote nilidhani njugu.
Nifanyeje? Nimuulize?

#44 Rika_Kasulu
Usikifungue. Usimuulize, hasa mbele ya watu. Kisogeze mbali na jiko, dawa hazitaki joto. Na meza usiihamishe.

#45 Kijana_wa_Gungu
Na kama kweli ni njugu?

#46 Rika_Kasulu
Basi zitakaa bila kuungua.

#47 dagaa_mchele
Mleta uzi, treni imeshaingia? Nina mzigo wa asali humo.

#48 Mwisho_wa_Reli
Bado. Wanasema iko Uvinza. Kibegi nimekihamishia upande wa ndoo ya maji, na dogo hajaja kukifuata. Leo sifungi mapema.